Hesabu Njia Kabla Kidhibiti Hakijazimwa

Mtengenezaji wa hifadhi ya pamoja (kifaa cha diski kinachotumiwa na seva nyingi) akikuambia kwamba programu dhibiti yake (firmware) itasasishwa bila huduma kusimama, anasema kweli kwa upande wake. Kifaa kina vidhibiti viwili: kimoja kinazimwa na kuwashwa upya kikiwa na toleo jipya, cha pili kinabeba mzigo wote, kisha vinapokezana. Lakini ahadi hiyo inasimama tu iwapo kila seva ina njia hai, yaani muunganisho unaofanya kazi, ya kufika kwenye kidhibiti kilichobaki. Hilo ni jukumu letu sisi tunaotunza seva.

Niliwahi kusimamia kazi hii tukiwa na seva moja ya hifadhidata iliyoonyesha njia 4, zote nzima. Sikutazama zinaishia wapi. Zote 4 zilikuwa zinaishia kidhibiti A, kwa kuwa swichi ilipangwa vibaya tangu seva ilipofungwa. Kidhibiti A kilipozimwa, diski zikatoweka na mfumo wa faili wa ext4 ukajigeuza wa kusoma tu. Hifadhidata ikasimama katikati ya miamala.

Kwa hiyo anza na amri ya Linux ya multipath -ll, inayoorodhesha njia za kila diski, siku kadhaa kabla, kwenye kila seva. Usihesabu njia tu, angalia na makundi yake. Kwa hifadhi inayotumia utaratibu wa ALUA (unaoiambia seva njia zipi ni bora kwa kila diski), kwa kawaida utaona makundi mawili chini ya kila diski: moja lenye prio=50 (prio ni kipaumbele), ndizo njia za kidhibiti kinachoimiliki diski hiyo, na jingine lenye prio=10, za kidhibiti mwenzake. Ukiona kundi moja peke yake, simama hapo hapo, tafuta sababu. Kila njia isomeke active ready running. Matokeo yote yahifadhi kwenye faili, utayahitaji baadaye.

Jambo la pili ni muda wa kusubiri. Katika /etc/multipath.conf, mpangilio wa no_path_retry ndio unaoamua seva ifanye nini njia zote zikipotea kwa muda. Ukiandika fail, kosa linarudi kwa programu papo hapo, yaani balaa niliyoieleza. Ukiandika queue, maombi yanasubiri bila kikomo, na hifadhi isiporudi michakato inaganda kiasi kwamba hata kill -9, amri ya kuua mchakato kwa nguvu, haiiondoi. Mimi napendelea namba. Ukaguzi wa njia ukifanyika kila sekunde 5, namba 24 inakupa takriban sekunde 120. Hata hivyo, mwongozo wa mtengenezaji wa hifadhi yako ukitaja thamani yake, fuata huo; wao wamepima kifaa chao. Ukishabadilisha, endesha multipathd reconfigure, na kama seva inawaka kutoka kwenye hifadhi hiyo hiyo, jenga upya initramfs (mfumo mdogo unaopakiwa kwanza seva inapowaka): dracut -f kwa familia ya Red Hat, update-initramfs -u kwa Debian na Ubuntu. Usipofanya hivyo, seva inaweza kuwaka siku nyingine ikiwa na mpangilio wa zamani.

Wanaotumia iSCSI (itifaki ya kufikia diski kupitia mtandao) watazame pia replacement_timeout, muda ambao seva husubiri muunganisho uliokatika urudi. Kwa kawaida ni sekunde 120, muda mrefu mno kwa seva yenye njia zaidi ya moja, kwani maombi hukaa kwenye njia iliyokufa badala ya kuhamia iliyo hai. Wengi huishusha hadi 5.

Nakala rudufu sihitaji kuieleza sana: iwepo, na iwe imejaribiwa kurejeshwa.

Siku yenyewe, hatari kubwa ipo katikati, kidhibiti cha kwanza kikisharudi. Hifadhi inajiona iko tayari kuendelea, ilhali baadhi ya seva bado hazijarudisha njia zake. Kubaliana mapema na fundi wa hifadhi kwamba hatakigusa kidhibiti cha pili mpaka umwambie. Endesha multipath -ll tena, linganisha na lile faili kwa amri ya diff, kisha andika faili dogo la majaribio kwenye kila mfumo wa faili, maana mfumo uliogeuka wa kusoma tu huendelea kusomeka kana kwamba hakuna kilichotokea. Hata seva moja ikipungukiwa na njia moja tu, subirini.

Kidhibiti cha pili kikirudi, rudia ukaguzi huo huo, na hakikisha mzigo umerudi kwenye kundi la prio=50. Ukibaki kwenye prio=10 kazi zitaendelea, ila polepole, na watumiaji wataligundua kabla yako.