Mpira Umevuka Uzio, Wewe Bado Hujafika

Jumamosi za kiangazi utanikuta nyuma ya besi ya nyumbani, kwenye viwanja vya jiji hapa Ohio, nikichezesha ligi za kujifurahisha za softiboli, ndugu yake besiboli: wahasibu, mafundi bomba, wauguzi waliotoka zamu ya usiku. Swali linalonifuata mpaka kwenye gari ni moja. Mtu akipiga homurani, mpira ukapaa juu ya uzio ukaangukia huko nje, akimbie ya nini tena?

Anayejua kriketi ana haki ya kushangaa. Kule mpira ukivuka mpaka bila kudunda ni pointi sita, na mpigaji anabaki palepale akijifuta jasho. Softiboli kwa asili yake haiko hivyo. Homurani haikupi pointi, inakupa haki ya besi nne, vile vituo vya kuzungukia uwanjani, na haki hiyo unaifuata kwa miguu mpaka pointi iingie: ya kwanza, ya pili, ya tatu, nyumbani. Hakuna wa kukukimbiza. Tembea ukitaka. Lakini kila besi uiguse, na kwa mpangilio huo.

Ukiiruka moja, mimi nanyamaza. Nimeona vizuri sana, lakini nanyamaza, kwa sababu kudai ni kazi ya wapinzani, na wanatakiwa wadai kabla ya mpira unaofuata kurushwa. Wasipodai, pointi imekaa. Wakidai, umetoka: pointi yako hakuna. Na kama tayari wawili walishatolewa, wewe ni wa tatu na zamu ya timu yako kupiga imekwisha; hapo angalia ni besi ipi uliyoiruka. Ukiwa umeruka ya pili au ya tatu, wenzako waliokutangulia nyumbani pointi zao zinabaki. Ukiwa umeruka ya kwanza, zote zinafutika, hata za wale waliozunguka bila kosa.

Kosa la pili halingoji mtu adai: kumpita mwenzako aliye mbele. Mwaka jana, katika ligi ya mchanganyiko wa wanawake na wanaume inayolazimisha kukimbia, wawili walikuwa wameshatolewa, mkimbiaji mmoja yuko besi ya tatu, mwingine ya kwanza. Jamaa akaupiga mpira mpaka kwenye maegesho. Yule wa besi ya kwanza akasimama katikati ya njia, shingo juu, akiusindikiza mpira kwa macho. Mpigaji naye, mikono hewani, akampita kama daladala inavyolipita gari bovu. Nikainua ngumi: ametoka, zamu imekwisha. Wa besi ya tatu alikuwa ameshagusa nyumbani, kwa hiyo pointi ikawa moja badala ya tatu. Maneno niliyoambiwa siyaandiki hapa. Ningempa mpigaji huyo mfano wa Joe Adcock, aliyempita mwenzake Hank Aaron namna hiyo kwenye besiboli ya kulipwa mwezi Mei 1959, na homurani yake ikaandikwa kuwa pigo la besi mbili tu.

Mfano unaoniumiza zaidi ni wa Aprili 2008, chuo cha Western Oregon kikicheza softiboli na chuo cha Central Washington. Sara Tucholsky, ambaye hakuwahi kupiga homurani maishani, aliuvusha mpira uzio wenzake wawili wakiwa kwenye besi. Kwa furaha akairuka besi ya kwanza, akageuka kuirudia, kano ya goti ikakatika. Waamuzi wakasema wenzake wakimsaidia anahesabiwa ametoka. Basi wapinzani wawili, Mallory Holtman na Liz Wallace, wakamnyanyua, wakamzungusha besi zilizobaki, kila moja wakimshusha aiguse kwa mguu usioumia. Central Washington walifungwa 4-2. Baadaye ikabainika kuwa kanuni za vyuo ziliruhusu kuweka mkimbiaji wa akiba amalizie. Mwamuzi yeyote akisoma hapo anajikuna kichwa.

Sasa turudi kwenye ligi zetu. Katika softiboli ya mpira wa polepole, ambayo mpira humrushiwa mpigaji taratibu, kanuni za USA Softball, chama cha mchezo huu Marekani, hazimlazimishi mpigaji wala wakimbiaji kuzunguka baada ya mpira kuvuka uzio. Piga, kaa. Hakuna besi ya kurukwa, hakuna madai. Sababu naielewa: uwanja una timu nyingine inayosubiri saa yake, na magoti ya watu wa miaka hamsini hayadanganywi. Ila hiyo ni kwa mpira uliovuka uzio. Ukibaki ndani ya uwanja, kimbia kama kawaida. Ukidunda ndani kisha ukavuka, ni besi mbili tu.

Ligi nyingine zina kanuni yao juu ya hiyo, pamoja na kikomo cha homurani kwa mchezo, na ukikizidisha unaweza kuhesabiwa umetoka. Kwa hiyo makapteni wakija kwangu kabla ya mchezo, naanza na hayo mawili, kabla hata ya kurusha sarafu.

Katika ligi za piga-ukae, bado huwa kuna anayepiga homurani yake ya kwanza na kuanza kukimbia. Simwiti arudi. Natoa brashi yangu, nafuta vumbi kwenye besi ya nyumbani, taratibu, mpaka afike.