Mtoto mdogo anayehara damu bila kupona: chunguza kinga aliyozaliwa nayo

Hapa Bukavu mtoto akihara damu, neno la kwanza nyumbani na kwenye duka la dawa ni amiba, na metronidazoli hununuliwa kabla choo hakijapimwa. Lakini kwa watoto wa chini ya miaka 5, damu kwenye choo huletwa zaidi na bakteria wa Shigella. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linaelekeza kuanza na siprofloksasini, miligramu 15 kwa kila kilo ya uzito, mara 2 kwa siku kwa siku 3, pamoja na serumu ya kunywa na zinki. Metronidazoli hutolewa pale hadubini inapoonyesha amiba hai iliyomeza chembe nyekundu za damu, au antibiotiki 2 tofauti zinaposhindwa. Choo kifike labo ndani ya nusu saa. Kikichelewa, amiba huacha kutembea na ni vigumu kuitambua.

Makala hii inawahusu watoto wachache waliotibiwa hivyo ipasavyo, na damu ikarudi. Wiki 4 zinapita, choo bado kina damu na kamasi, uzito hausogei, homa inakuja na kuondoka. Wengi wao huandikwa kuwa na bwaki. Utapiamlo wao ni wa kweli, ila umeletwa na utumbo uliovimba, na maziwa ya tiba peke yake hayauponyi.

Ugonjwa wenyewe ni uvimbe sugu wa matumbo, nao una sura mbili kuu. Kolitisi ya vidonda hukaa kwenye utumbo mpana. Ugonjwa wa Crohn, ulioelezwa New York mwaka 1932, unaweza kushika popote kuanzia mdomoni hadi njia ya haja kubwa. Utumbo wa kila mtu hubeba bakteria wengi wasio na madhara, na kinga yenye afya huwavumilia. Kwa mgonjwa kinga huwashambulia bila kukoma, na ukuta wa utumbo ndio unaoumia.

Kwa vijana na watu wazima hakuna jeni moja ya kulaumu. Jeni ya NOD2, iliyotambuliwa mwaka 2001 kwenye kromosomu ya 16, husaidia chembe kugundua vipande vya ukuta wa bakteria. Kasoro yake huongeza hatari ya Crohn, lakini wengi walio nayo hawaugui kamwe. Hata kwa mapacha wanaofanana kabisa, mmoja akipata kolitisi ya vidonda, mwenzake kwa kawaida hubaki mzima. Chakula, maambukizi na antibiotiki za utotoni vina sehemu yao.

Kwa mtoto aliyeanza kuugua kabla ya miaka 6, na hasa kabla ya miaka 2, hesabu hubadilika. Hapo jeni moja iliyoharibika inaweza kutosha, na zaidi ya jeni 50 za namna hiyo zinajulikana. Iliyo wazi kuliko zote ni ya interlukini-10, kemikali ambayo kwa kinga ni kama breki kwa gari. Mwaka 2009 watafiti walionyesha kwamba watoto wenye kasoro kwenye kipokezi chake, yaani sehemu ya chembe inayopokea ujumbe wake, huugua mapema mno, mara nyingi ndani ya miezi 3 ya kwanza, wakiwa na majipu na matundu yanayotoa usaha karibu na njia ya haja kubwa. Katika kasoro nyingine chembe nyeupe humeza vijidudu lakini hushindwa kuviua. Mtoto hupata majipu ya ini na nimonia zinazojirudia, na tezi za kwapa zinaweza kuoza baada ya chanjo ya BCG. Kasoro ya jeni ya FOXP3 huwapata wavulana: kuhara, ukurutu na kisukari tangu miezi ya kwanza.

Kwa hiyo historia ya ukoo ina uzito sawa na kipimo. Je, wazazi ni ndugu? Kasoro inayotoka kwa wazazi wote wawili humpata mtoto 1 kati ya 4 kwa kila mimba. Je, wajomba upande wa mama, au kaka za mtoto, walikufa wakiwa wachanga? Hiyo huelekeza kwenye kromosomu X, ambayo mvulana huipata kwa mama yake. Kama kaka aliugua vibaya baada ya BCG, mwambieni muuguzi kabla mdogo wake hajachanjwa. Hii si sababu ya kukataa chanjo kwa watoto wengine.

Hatari kubwa tunayoiona ni haraka ya kutoa prednisoloni. Ikikuta amiba, utumbo unaweza kutoboka. Ikikuta minyoo ya Strongiloidi, husambaa mwilini. Ikikuta kifua kikuu cha tumbo, ambacho hufanana sana na Crohn, hukiamsha. Kabla ya dawa hiyo, choo kipimwe siku 3 tofauti, mtoto apimwe kifua kikuu na virusi vya UKIMWI. Kipimo cha kalprotektini ya choo, protini inayoongezeka utumbo ukivimba, husaidia: chini ya mikrogramu 50 kwa gramu, uvimbe hauelekei kuwepo, juu ya 250 unashukiwa sana. Lakini Shigella pia huipandisha, na kwa mtoto mchanga huwa juu hata akiwa mzima. Jibu la uhakika hutoka kwenye kamera ya utumbo na vipande vya nyama vinavyochunguzwa.

Kujua jeni hubadilisha matibabu. Kasoro ya interlukini-10 mara nyingi hugomea dawa za kawaida, lakini kupandikiza uboho, unaotengeneza chembe za damu, huweza kuiponya, kwa kuwa kosa limo ndani ya chembe za damu. Kasoro ya jeni ya TTC7A imo kwenye ngozi ya utumbo wenyewe, kwa hiyo uboho mpya hauwezi kuirekebisha. Na mtoto ambaye chembe zake haziui vijidudu hulindwa kwa kotrimoksazoli ya kila siku, dawa ya bei nafuu iliyopo hata kwenye vituo vidogo vya afya.