Kufaulu na kutofaulu kwa filamu ya vita: maana yake hasa

Aliyesoma Kiswahili sekondari hapa Tanzania analijua swali hili: jadili kufaulu na kutofaulu kwa mwandishi. Majibu tulikuwa nayo kabla hata ya kufungua kitabu. Amefaulu: lugha yake nyepesi, jina la kitabu linasadifu yaliyomo, ameibua matatizo ya jamii. Hakufaulu: ametumia matusi, hakutoa suluhisho. Hoja nne huku, tatu kule, hitimisho, karatasi inakusanywa.

Msamiati wenyewe sina ugomvi nao, hata kwa filamu unafaa. Ugomvi wangu ni na lile jedwali. Tukishapiga mstari katikati ya ukurasa tunaamini mazuri yanakaa kwao na mabaya kwao, kama mchele na chuya. Filamu za vita hazichambuliki hivyo. Basi nitayaeleza maneno haya mawili kwa filamu moja tu, The Bridge on the River Kwai ya mwaka 1957, ambayo nitaiita Daraja.

Kwanza maana. Kazi ya sanaa imefaulu pale inapolitimiza jambo ililojipa yenyewe, mpaka mtazamaji akasadiki. Haikufaulu pale inapolishindwa jambo hilo. Mpaka hapo hata mwanafunzi wa kidato cha tatu atakubali. Kwa filamu ya vita kuna nyongeza: inaweza kulitimiza jambo lake vizuri kabisa, lakini bili akalipa mtu mwingine, yaani watu halisi waliokuwepo vitani, ambao wamegeuzwa au wameachwa nje ili hadithi ikae sawa. Hiyo nayo ni kutofaulu, na ndiyo ngumu kuiona, kwa sababu imejificha ndani ya kufaulu kwenyewe.

Sasa Daraja lenyewe. Mwongozaji ni David Lean, Mwingereza. Hadithi imetoka kwenye riwaya ya Mfaransa Pierre Boulle ya mwaka 1952. Ni Vita Kuu ya Pili ya Dunia: mateka wa Kiingereza wanaletwa kambini kwenye msitu wa Siam, nchi tunayoiita leo Thailand, kuwajengea Wajapani daraja la reli. Mkuu wa kambi, Kanali Saito, anataka maofisa nao washike sururu. Kanali Nicholson, mkubwa wa mateka, anakataa: Mkataba wa Geneva hauruhusu. Anafungiwa kwenye kibanda cha bati juani, wanachokiita tanuri. Hakubali. Mwishowe Saito, ambaye siku za kumaliza daraja zinamwishia, ndiye anayelegeza kamba. Halafu Nicholson akishashinda anafanya jambo la ajabu: anaamua kulijenga daraja la adui, tena kwa ustadi, ili askari wake wasikose nidhamu na dunia ione Mwingereza anaweza nini. Huku nyuma kikosi cha makomando kinakuja kulilipua.

Ukitaka kuona kufaulu kwa karibu, tazama Nicholson anapotolewa kwenye tanuri. Alec Guinness, aliyeigiza nafasi hiyo, anavuka uwanja wa kambi kwenda kwa Saito. Miguu haimtii. Kila hatua inakwenda pembeni kidogo, naye anairudisha, kifua mbele, kama mlevi anayepita mbele ya baba mkwe. Guinness alisimulia baadaye kwamba mwendo ule aliuchukua kwa mwanawe, aliyekuwa akijifunza kutembea upya baada ya kuugua polio. Hakuna anayesema neno, na mtazamaji ameshajua kila kitu kuhusu mtu huyu: atavunjika lakini hatapinda.

Tazama tena jioni ya mwisho, daraja limekwisha. Nicholson amesimama juu yake jua likizama, anamweleza Saito kwamba kesho anatimiza miaka 28 jeshini, na katika miaka yote hiyo huenda hajakaa nyumbani zaidi ya miezi kumi. Anajiuliza maisha yake yamekuwa na maana gani. Kifimbo chake cha uofisa kinamponyoka na kutumbukia mtoni. Basi. Lakini ukitoka hapo umeelewa kwa nini amesimamisha kibao kinachotangaza kuwa daraja limejengwa na askari wa jeshi la Uingereza, na jina lake likaandikwa chini. Mzee huyu hana nyumba wala mji, kwa hiyo daraja la adui limekuwa ndilo nyumba yake.

Kwenye kibanda umiza swali la kwanza huwa ni moja: stelingi nani? Halafu kila mtu anatulia, maana stelingi hafi. Daraja linakunyima raha hiyo. Stelingi ni Nicholson, mkaidi mwenye haki ambaye haki yake inageuka kuwa usaliti? Au ni Shears, Mmarekani wa William Holden, aliyetoroka na asiyetaka ushujaa wa aina yoyote? Hata Saito, aliyeigizwa na Sessue Hayakawa, hakufanywa zimwi. Usiku ule aliposalimu amri tunamwona chumbani kwake analia, na kilio kile hakichekeshi. Mwaka 1957, miaka 12 tu baada ya vita, kumwonyesha mkuu wa kambi wa Kijapani akilia kama binadamu hakukuwa jambo jepesi.

Tuje kwenye yaliyolegea. Mara ya kwanza niliitazama kwa mkanda, nyumbani kwa baba mdogo, Morogoro. Alilala pale Shears alipofika hospitalini ufukweni na kuanza mambo yake na muuguzi, akaamka makomando wako tayari msituni. Akauliza amekosa nini. Nilifikiri sana nikakuta hakukosa kitu. Filamu ina saa mbili na dakika arobaini, na sehemu ile imebandikwa. Mapenzi yale hayamjengi Shears wala hayarudi tena kwenye hadithi. Huo ni udhaifu wa kawaida, ule unaoweza kuuandika kwenye jedwali ukalala usingizi.

Mwisho wake una utata zaidi. Maji ya mto yamepungua usiku, waya wa baruti umebaki wazi. Nicholson anauona, anaufuata mchangani, na kwa mikono yake anataka kuwazuia wenzake wasilipue. Anapomtambua Shears, aliyerudi na makomando, ndipo akili inamrudia, anajiuliza amefanya nini. Kombora linatua karibu, anayumba, anaangukia mpini wa kulipulia, na daraja linakwenda na treni yake. Je, alikusudia, au ni maiti tu iliyoanguka mahali pazuri? Wapo wanaosema mwongozaji alikwepa kuamua. Mimi nasema kama angekusudia, filamu ingekuwa imemsamehe, na kama isingelipuka, watazamaji wangerudisha tiketi. Kwenye riwaya daraja linabaki limesimama. Boulle alikuwa na ujasiri huo; waliotia fedha kwenye filamu waliagiza daraja la kweli la mbao na treni ya kweli, na ukishanunua treni lazima uiangushe.

Sasa ile bili inayolipwa na wengine.

Reli ile ilikuwepo kweli. Kati ya 1942 na 1943 Wajapani waliijenga kutoka Thailand hadi Burma, kiasi cha kilomita 415, kwa nguvu za mateka zaidi ya 60,000 na vibarua wa Kiasia wengi kuliko hao mara kadhaa: Watamil kutoka Malaya, Waburma, Wamalay, Wajava. Mateka waliokufa ni zaidi ya 12,000. Kwa vibarua, makadirio yanafika 90,000. Tazama Daraja kutoka mwanzo hadi mwisho umtafute kibarua wa Kitamil anayebeba taruma. Hayupo. Vifo vingi kuliko vyote kwenye reli ile havina hata sura moja kwenye filamu.

Halafu kuna Philip Toosey. Ndiye ofisa wa Kiingereza aliyeongoza mateka kwenye kambi ya Tamarkan, penye madaraja halisi, na manusura wengi waliudhika aliponasibishwa na Nicholson. Chini yake watu walichelewesha kazi walivyoweza, walichanganya saruji vibaya makusudi, na walikusanya mchwa wakauweka kwenye nguzo za mbao. Nao wahandisi wa Kijapani kwenye filamu hawajui hata pa kuchimbia nguzo, mpaka Waingereza wawafundishe. Wahandisi halisi walijua kazi yao barabara. Waliipitisha reli kwenye miamba na mito kwa muda wa mwaka mmoja na kidogo.

Hapa ndipo jedwali linapokwama. Ukiwarudisha wahandisi wale na ujuzi wao, Nicholson hana cha kuwafundisha, na fahari yake haina pa kuota. Ukimweka Toosey na mchwa wake, unapata filamu nzuri ya ujanja wa mateka, lakini ule mwendo wa kutoka tanurini hautakupeleka kwenye kibao cha darajani. Ukiwaingiza vibarua wa Kiasia maelfu, mzozo wa Mkataba wa Geneva na nani ashike sururu unaonekana ulivyo: mzozo wa mabwana wawili, huku wanaokufa wengi hawakuulizwa. Filamu ilifaulu kwa sababu iliwafuta watu hawa. Siwezi kuisifu kwa la kwanza nikajifanya sikuliona la pili.

Na kufuta huku kuliwagusa hata walioiandika. Tuzo ya Oscar ya mswada, moja kati ya saba ilizopata, alipewa Boulle, ambaye hakuuandika. Waandishi wenyewe, Carl Foreman na Michael Wilson, walikuwa wamepigwa marufuku Hollywood kwa tuhuma za ukomunisti. Walitambuliwa mwaka 1984, na Wilson alikuwa ameshakufa.

Sisi huku tuna jicho letu la kuitazamia. Picha ilipigwa Ceylon, yaani Sri Lanka, kisiwa kilekile ambako askari wa Keya, yaani jeshi la King's African Rifles la Waingereza, kutoka Kenya, Tanganyika, Uganda na Nyasaland walifanya mazoezi mwaka 1943 kabla ya kupelekwa Burma kupigana na jeshi lilelile la Japani kwenye matope na malaria ya Bonde la Kabaw. Mjukuu wa mzee wa Keya akiitazama Daraja hakosi kugundua kwamba vita vile, kwenye kioo, vilipiganwa na Waingereza, Wajapani na Mmarekani mmoja.

Halafu kuna habari ya mto. Boulle alijua reli ilifuata bonde la mto Khwae, ndio Kwai ya jina la filamu, akadhani ndio mto uliovukwa pale Tamarkan. Haukuwa huo, ulikuwa Mae Klong. Filamu ilipovuma, watalii wakaanza kumiminika Kanchanaburi, mji wa Thailand penye Tamarkan, wakiuliza daraja la mto Kwai liko wapi, na hakukuwa na daraja kwenye mto wa jina hilo. Miaka ya 1960 wenyeji wakapata ufumbuzi: kipande kile cha Mae Klong kikapewa jina jipya, Khwae Yai. Daraja la chuma lililopigwa mabomu na ndege za Washirika mwaka 1945 lilikarabatiwa, na treni bado inapita juu yake, polepole, abiria wakipiga picha.