"Kuongeza thamani" maana yake nini hasa

Kijana akipata kazi Wall Street au London kwenye mambo ya fedha, watu wanaanza, huyo anaongeza thamani bwana. Ukiuliza thamani gani unajibiwa kwani angekuwa haongezi wangemlipa hela zote zile? Hapo ndo panaponikera.

Kuongeza thamani ni kuwafanya watu wawe na kitu ambacho bila wewe wasingekuwa nacho, au wakipate kwa bei nafuu. Basi. Mshahara unaonyesha tu umefanikiwa kushika kiasi gani, na unachoshika kinaweza kuwa umekitengeneza au umekitoa mfukoni mwa mwenzako.

Chukua dalali. Umehamia Dar hujui mtu, kakutafutia chumba Sinza, kodi ya mwezi mmoja unayompa inauma ila kazi imeonekana. Sasa kuna yule anayekuwahi kwa mwenye nyumba, anafunga dili yeye halafu anakupangisha chumba kilekile kwa bei ya juu, naye kala hela, lakini vyumba Sinza havijaongezeka hata kimoja.

Kwenye fedha kubwa hao wawili wanakaa jengo moja. 2010 kampuni ya Spread Networks ilimaliza kutandaza kebo ya mawasiliano toka Chicago hadi New Jersey, kwenye masoko makubwa ya hisa na mikataba ya fedha, ikatoboa milima ya Pennsylvania ili njia inyooke, takriban dola milioni 300, eti taarifa ya bei za sokoni iende na kurudi kwa milisekunde 13 (milisekunde ni sehemu moja ya elfu ya sekunde) badala ya kama 16. Mfanyabiashara aliyelipia kebo akawa anamuwahi asiyelipia kununua au kuuza, wakati ile bei ingejulikana tu milisekunde tatu baadaye, na haikuchukua muda wakaja wenye minara ya maikrowevu, inayorusha taarifa hewani kwa kasi zaidi, wakamwacha mwenye kebo anashangaa. Hao wafanyabiashara wa kuwahiana wanajitetea kwamba wanarahisisha kununua na kuuza, na kuna ukweli kiasi. Ila mchumi Thomas Philippon alipopiga hesabu za Marekani za zaidi ya miaka 100, akakuta gharama ya kuitoa pesa kwa mwenye akiba na kuifikisha kwa mwenye shida nayo imeganda palepale, kati ya asilimia 1.5 na 2 ya pesa yenyewe, yaani zimekuja simu, zimekuja kompyuta, na mteja hajapunguziwa kitu.

Na sisemi wote wanakula bure. Umeme wa upepo wa Ziwa Turkana kule Loiyangalani, Kenya, mitambo 365, megawati 310, ulisimama kwa sababu kuna watu wa mabenki, Benki ya Maendeleo ya Afrika ikiongoza, walikaa wakakusanya mikopo na wakakubaliana nani abebe hatari ipi, mfano laini ya kusafirisha umeme ikichelewa itakuwaje (na ilichelewa kweli). Huyo ukisema kaongeza thamani nakuunga mkono kabisa.

Kwa hiyo mpwa wako wa Wall Street we sema analipwa vizuri, hakuna atakayebisha. Hilo la thamani muulize kwanza anakaa dawati gani.