Nani Hulipa, na Hulipia Nini: Kipato cha Mwandishi Kutokana na Jarida la Barua Pepe

Waandishi wa kujitegemea wanaokuja kwangu kutaka ushauri kuhusu majarida ya barua pepe karibu wote huanza na swali moja: orodha yangu iwe na watu wangapi ndipo nianze kupata fedha? Ninaelewa swali hilo linakotoka, kwa kuwa mitandao ya kijamii imetuzoesha kuhesabu wafuasi kwa maelfu, lakini katika kazi hii idadi ya anwani ni jambo la pili. La kwanza ni kujua ni nani hasa mwenye sababu ya kulipa, analipia nini, na fedha zake zitapita njia gani hadi zikufikie. Mwandishi mwenye wasomaji 400 wanaotumia waraka wake kuamua mambo ya kazi anaweza kuishi kwa kalamu yake, ilhali mwenye wasomaji 20,000 waliojiandikisha kwa kuvutiwa na bahati nasibu anaweza asirudishe hata gharama ya kuwatumia barua.

Majarida yaliyofungua njia hii yanalionyesha jambo hilo waziwazi. Bill Bishop, Mmarekani aliyeishi Beijing kwa miaka mingi, alituma bure jarida lake la Sinocism, linalochambua siasa na uchumi wa China, kwa miaka kadhaa kabla ya kuanza kutoza mwaka 2017, akawa mwandishi wa kwanza wa Substack, jukwaa la kutuma majarida ya barua pepe na kutoza wasomaji, lililoanzishwa mwaka huohuo. Ben Thompson alianza kuuza uchambuzi wake wa biashara ya teknolojia, Stratechery, mwaka 2014 akiwa Taiwan. Wasomaji wa wote wawili ni watu ambao kazi yao inawalazimu kuyajua mambo hayo. Kwa mtu wa namna hiyo dola 10 au 15 kwa mwezi ni bei ndogo ukiilinganisha na saa ambazo angezipoteza kuyatafuta mwenyewe, na mara nyingi anayelipa ni mwajiri wake.

Kwetu mfano ninaopenda kuutumia ni wa parachichi. Tuseme yupo mwandishi anayetuma kila Jumatatu waraka kuhusu biashara hiyo: bei ya kilo shambani Murang'a na Njombe, tarehe ambazo mamlaka za Kenya zinafunga na kufungua uvunaji wa parachichi za aina ya Hass ili matunda machanga yasisafirishwe, hali ya meli zinazopita au kuikwepa Bahari ya Shamu, na masharti mapya ya wanunuzi wa Ulaya. Orodha yake ina watu 600. Miongoni mwao wamo wakulima wadogo, madalali, wasafirishaji wenye maghala ya kufungashia, maofisa mikopo wa benki, watumishi wa miradi ya kilimo, na watu wetu walioko Dubai na Rotterdam wanaoingiza matunda hayo huko. Wote wanasoma maneno yaleyale, lakini mifuko yao si mmoja, na kuwatoza wote kwa njia moja na bei moja ni kujifungia milango.

Njia inayotajwa zaidi ni ada ya usajili, yaani msomaji kulipa kila mwezi au kila mwaka ili apate toleo kamili. Substack huchukua asilimia 10 ya kila malipo, na juu yake kuna makato ya Stripe, kampuni inayopitisha fedha za kadi, ambayo kwa kiwango cha kawaida cha Marekani ni asilimia 2.9 pamoja na senti 30 kwa kila muamala, na asilimia 0.7 zaidi kwa usajili unaojirudia. Senti hizo 30 zinaonekana si kitu hadi uzipigie hesabu. Msomaji akilipa dola 5 kwa mwezi, jukwaa linachukua senti 50 na Stripe inachukua takriban senti 48, hivyo mwandishi anabaki na dola 4 na senti chache, sawa na takriban asilimia 80. Msomaji yuleyule akilipa dola 50 kwa mwaka mzima kwa mkupuo, makato yote ni dola 7.10, na mwandishi anabaki na karibu asilimia 86. Ndiyo maana ninawashauri waandishi waitangulize bei ya mwaka na kuipunguza kidogo, huku bei ya mwezi wakiiacha kwa anayetaka kuonja kwanza.

Yapo majukwaa yasiyochukua asilimia ya mapato. Ghost, programu huria inayoendeshwa na taasisi isiyogawana faida, na beehiiv hutoza ada maalumu ya huduma badala ya sehemu ya ada ya msomaji, kwa hiyo kadiri wanaolipa wanavyoongezeka ndivyo yanavyokuwa nafuu kuliko Substack. Lakini yote matatu yanakutana mahali pamoja: malipo ya usajili hupitia Stripe, na Stripe haifungui akaunti moja kwa moja kwa mwandishi aliyeko Kenya wala Tanzania. Mtu wa Arusha anaweza kufungua jarida leo, akaandika, akapata wasomaji, kisha akafika kwenye kitufe cha kuanza kutoza akakuta nchi yake haimo kwenye orodha. Wengine husajili kampuni Marekani kwa ajili hiyo. Ni halali, lakini ni gharama na ni wajibu wa kodi wa nchi mbili, na kwa anayeanza huwa sioni sababu ya kubeba mzigo huo.

Kinachofaa zaidi ni kutenganisha kazi mbili ambazo majukwaa hayo yameziunganisha: kutuma barua na kupokea fedha. Barua zitumwe kwa chombo chochote kinachokubali kugawa orodha katika makundi mawili, la bure na la kulipia. Fedha zipokelewe kwa njia ambayo msomaji tayari anaitumia kila siku, kwa maana ya Paybill au namba ya till upande wa Kenya, na Lipa Namba upande wa Tanzania. Kenya ipo pia Paystack, iliyonunuliwa na Stripe mwaka 2020, ambayo inapokea kadi na M-Pesa kwa pamoja na kumfaa mwandishi mwenye wasomaji wa nyumbani na wa ughaibuni. Ukitumia Paybill, mpe kila msomaji namba fupi, mathalani PR017, aiandike kwenye nafasi ya namba ya akaunti anapolipa. Taarifa ya mwezi ikitoka utajua papo hapo nani amelipa, badala ya kukisia kutokana na majina, kwa kuwa mara nyingi anayetuma fedha ni karani au mke wa mwenye usajili.

Pesa za simu zina tabia moja inayobadilisha biashara nzima, nayo ni kwamba kwa kawaida msomaji huthibitisha kila malipo kwa namba yake ya siri. Kadi hukatwa yenyewe mwezi baada ya mwezi hata mwenyewe akiwa amesahau. M-Pesa humuuliza mtu upya kila mara kama bado anataka. Safaricom ilianzisha huduma ya Ratiba mwaka 2024 kwa malipo yanayojirudia, lakini usiujenge mpango wako wote juu ya tumaini kwamba wasomaji wataiwasha. Uza kwa mwaka, au kwa msimu ikiwa mada yako ina misimu. Tuma kikumbusho wiki mbili kabla ya muda kwisha, kingine siku tatu kabla, na katika kikumbusho hicho usiseme tu kwamba muda unaisha. Mtajie matoleo mawili au matatu ya mwaka huo yaliyomsaidia: lile lililotangulia kueleza kufungwa kwa uvunaji, lile lililolinganisha bei za wanunuzi. Msomaji anayekumbushwa faida aliyoipata hulipa kwa haraka kuliko anayekumbushwa tarehe.

Hata hivyo, kwa mada za kikazi fedha nzito haziko kwa msomaji mmoja mmoja. Ziko kwa ofisi. Kampuni ya kusafirisha parachichi yenye maofisa wanane hailazimiki kukusanya ada kutoka kwa kila mmoja wao. Inahitaji ankara moja ya mwaka, na mhasibu wake anahitaji karatasi zinazokubalika. Kwa Kenya hiyo ni namba ya PIN ya KRA, mamlaka ya mapato, na ankara ya eTIMS, mfumo wake wa ankara za kielektroniki, na kwa Tanzania ni TIN, yaani namba ya mlipakodi, na risiti ya EFD, mashine ya risiti za kielektroniki, inapotakiwa. Waandishi wengi hupoteza mauzo haya kwa kukosa karatasi hizo, ingawa uandishi wao unatosha kabisa. Ofisi nyingine itatoa LPO, yaani hati ya kuagiza ununuzi, kwanza, kisha itakaa siku 30, 60 au zaidi ndipo ilipe, kwa hiyo usitumie fedha hizo kichwani kabla hazijaingia benki. Ninapomsaidia mwandishi kupanga mwaka wake, humwomba aorodheshe ofisi kumi ambazo tayari zina watu kwenye orodha yake ya bure. Anwani za barua pepe za kazini zinaonyesha zenyewe.

Udhamini nao una nafasi yake, hasa pale ambapo wasomaji wengi hawana uwezo wa kulipa lakini kuna mfanyabiashara anayetaka kuwafikia. Duniani tangazo la barua pepe huuzwa kwa bei ya kila wasomaji elfu wanaofungua, kipimo ambacho kimepungukiwa na uaminifu tangu Apple ilipoanza mwaka 2021 kupakia picha za barua kabla msomaji hajaifungua, jambo linalozifanya barua nyingi zionekane zimesomwa hata kama hazikuguswa. Mwandishi wa wasomaji 600 akifuata bei ya elfu ataambulia vijisenti. Auze nafasi ya tangazo kwa bei moja, kwa mdhamini mmoja, kwa robo mwaka, na ampe takwimu za waliobonyeza kiungo. Neno TANGAZO liandikwe juu ya nafasi hiyo kwa herufi zinazosomeka. Katika hili sina uvumilivu: muuza mbolea akilipia sifa zilizofichwa ndani ya uchambuzi, mkulima anayekuamini ndiye atakayelipa gharama yake shambani.

Michango ya hiari na kamisheni za bidhaa huongeza kidogo, lakini sijaona busara ya kuzitegemea. Ripoti ya mwaka inayouzwa pekee, au semina ya siku moja, huleta zaidi, na hukusanywa kutokana na matoleo ambayo tayari umeyaandika.

Kipato chote hiki kinasimama juu ya barua kufika. Tangu Februari 2024 Google na Yahoo wanawataka watumaji wakubwa wawe na rekodi za SPF, DKIM na DMARC, zinazothibitisha kwamba barua imetoka kwao kweli, kwenye kikoa chao, yaani jina linalofuata alama ya @ katika anwani yao, waweke njia ya kujitoa kwa mbonyezo mmoja, na wahakikishe malalamiko ya barua taka hayafiki asilimia 0.3. Mwandishi mdogo naye azifuate kanuni hizo, maana anwani zilizonunuliwa au kukusanywa kwenye makundi ya WhatsApp bila idhini huleta malalamiko hayo upesi, na pia zinagongana na sheria za ulinzi wa taarifa binafsi, ya Kenya ya mwaka 2019 na ya Tanzania ya mwaka 2022. Pakua nakala ya orodha yako kila mwezi uihifadhi mahali salama, kwa kuwa jukwaa likifunga akaunti yako, faili hiyo ndiyo biashara yako.

Jambo moja zaidi kuhusu ada za mwaka. Msomaji aliyelipa shilingi 3,000 za Kenya mwezi Januari amekukopesha fedha za matoleo ambayo hujayaandika. Kila mwezi unaopita, shilingi 250 ndizo zinazokuwa zako. Fedha zilizobaki ziweke kwenye akaunti tofauti, na katika ukurasa wa kujiandikisha eleza mapema kwamba jarida likisimama, kila msomaji atarudishiwa miezi iliyosalia kwa namba ileile aliyolipia.