Zaburi ya 139 si silaha ya kuwafichua maadui

Katika makundi ya WhatsApp ya kwaya, jumuiya na mitaa ya Dar es Salaam, kuanzia Mbagala hadi Tegeta, huzunguka ujumbe unaodai kwamba Zaburi ya 139 ikisomwa usiku wa manane, kisha ikatumwa kwa watu kumi, humfichua adui wa msomaji na kumwangusha. Dai hilo si la kweli.

Zaburi hiyo ina mistari 24, na hakuna hata mmoja unaotaja saa ya kusoma, idadi ya watu wa kutumiwa wala balaa kwa asiyesambaza. Mkanganyiko hutokana na mstari wa 19 hadi wa 22, ambayo kweli huwazungumzia waovu kwa ukali, na ambayo hukatwa ikatumwa peke yake. Mara tu baada ya hapo, katika mstari wa 23 na wa 24, mwimbaji anamwomba Mungu amchunguze yeye mwenyewe, moyo wake na mawazo yake, aone kama ndani yake kuna njia mbaya. Kwangu mimi hapo ndipo penye uzito wote wa zaburi, kwa kuwa anayesali hivyo hawezi kumshtaki jirani huku akijiweka kando ya uchunguzi.

Anayetaka kuhakiki afungue Biblia yake na kusoma mistari yote kwa mfululizo. Ni kazi ya dakika chache (baadhi ya Biblia za zamani za Kikatoliki huihesabu kuwa Zaburi ya 138). Ujumbe huo ukikufikia, tafadhali usiusambaze, na umwoneshe kwa upole aliyekutumia mistari miwili ya mwisho, kwani huenda aliutuma kwa hofu tu.