Kushukiwa saratani maana yake nini

Sentensi yenyewe nimeisikia mara tatu ndani ya mwezi mmoja. Mara ya mwisho ilisemwa jikoni kwetu, tukiwa tunamenya vitunguu vya shughuli: "Mama mdogo ana kansa ya kizazi, anasubiri majibu tu." Aliyeisema ni dada yangu mkubwa, na hakuwa na nia mbaya. Alikuwa anaomba mgonjwa apunguziwe kazi. Lakini sentensi hiyo inajipinga yenyewe. Kama ana kansa, majibu anayoyasubiri ni ya nini? Na kama majibu bado, nani ameshayasoma?

Kushukiwa saratani ni hali ya mtu mwenye dalili, au mwenye kipimo cha mwanzo, kinachomlazimu daktari kutazama kama saratani ipo au haipo. Basi. Si hatua ya kwanza ya ugonjwa, si saratani changa, wala si maneno ya upole ya daktari anayeogopa kusema ukweli. Hilo la mwisho ndilo lililoenea zaidi. Daktari akisema "tunashuku," nusu ya ukoo husikia "tunajua, ila tunaficha."

Nadhani sehemu ya lawama ni ya neno lenyewe. Kiswahili kina "kushukiwa" mbili zinazofanana kwa herufi na kwa sauti. Moja inatokana na kushuka: kitu kinashuka, kinamshukia mtu, naye anakuwa ameshukiwa. Balaa humshukia mtu. Kanisani husemwa fulani ameshukiwa na Roho. Nyingine inatokana na kushuku, kitenzi kilichotujia kutoka Kiarabu, ndugu yake shaka. Ukikinyambua kwa kutendwa, nacho kinakuwa kushukiwa vilevile. Sasa mweke mwanamke wa miaka 57 kwenye kiti cha kliniki, amekoma hedhi miaka sita iliyopita, ameona damu kwenye nguo ya ndani na hajalala siku tatu, kisha mwambie, "Mama, unashukiwa saratani." Atasikia ipi kati ya hizo mbili? Mama mdogo alisikia ile ya kwanza. Aliniambia alitoka pale akihisi kitu kimeshamtua mwilini, kimebaki kupewa jina.

Tazama tena sarufi ya sentensi ile. "Unashukiwa" inamweka mama kizimbani. Anayeshukiwa anakuwa yeye, wakati kinachoshukiwa ni ugonjwa. Haya si mambo ya walimu wa lugha peke yao, maana mtu akishawekwa kizimbani watu huanza kumtafutia kosa. Nimesikia kwa masikio yangu: alitumia sana vidonge vya uzazi wa mpango, labda aliwahi kutoa mimba, labda mume alimletea. Hivyo vidonge vyenye homoni mbili vinajulikana kupunguza uwezekano wa saratani ya mji wa mimba, kinyume kabisa na kinachosemwa. Vinavyouongeza ni umri, unene, kisukari, kutokuzaa, dawa ya tamoksifeni wanayopewa baadhi ya waliotibiwa saratani ya matiti, na katika koo chache, kurithi. Hakuna hata kimoja hapo cha kumwekea mtu kikao.

Mambo ya polisi na mahakama tunayapa uangalifu mkubwa zaidi. Gazeti la Kenya litaandika mshukiwa, la Tanzania mara nyingi litaandika mtuhumiwa. Akifunguliwa kesi ni mshtakiwa. Mpaka hakimu aseme ndipo anakuwa mhukumiwa. Mhariri akiruka ngazi moja anaweza kushtakiwa yeye. Ngazi hizo ziliwekwa ili mtu asibebe hukumu iliyotolewa na tetesi, na sioni kwa nini mama anayengoja karatasi ya maabara apewe heshima ndogo kuliko hiyo.

Lugha yetu ina ngazi nyingine za zamani zaidi, na waliosoma chuoni, yaani madrasa, huku Pwani wanazikumbuka: shaka, dhana na yakini. Shaka ni pande mbili zikiwa sawa, hujui uegemee wapi. Dhana ni pale upande mmoja unapozidi uzito. (Leo tunaitumia zaidi kwa maana ya wazo, kama tunaposema "maana ya dhana fulani.") Yakini ni pale ambapo hakuna tena upande wa pili. Na mwalimu alitufundisha kwa mfano wa udhu: aliyetawadha kwa yakini, kisha akaingiwa na shaka kama udhu umetenguka, hubaki na udhu wake. Yakini haiondolewi na shaka. Nilimkumbusha mama mdogo mfano huo siku ya nne ya kungoja, na ndiyo mara ya kwanza niliyomwona akishusha mabega. Tukahesabu yaliyo yakini siku hiyo: damu ilitoka, kipimo kilichukuliwa, majibu hayajatoka. Mengine yote yalikuwa ya watu.

Basi tuupime uzito wa pande. Uchambuzi mkubwa uliochapishwa mwaka 2018, uliokusanya tafiti zaidi ya mia moja, ulikuta kwamba kati ya wanawake 100 wanaotokwa damu baada ya kukoma hedhi, takriban 9 ndio wanaokutwa na saratani ya utando wa mji wa mimba. Waliobaki wana sababu nyingine: utando uliokonda na kukauka kwa upungufu wa homoni, vijinyama visivyo saratani, utando ulionenepa, fibroidi, dawa za homoni. Kwa hiyo hata neno shaka, la pande mbili sawa, linazidisha. Mizani imeegemea upande wa salama. Lakini 9 kati ya 100 si idadi ya kupuuzwa, na uchambuzi uleule ulionyesha kwamba kati ya wenye saratani hiyo, 9 kati ya kila 10 walikuwa wametokwa damu. Ndiyo sababu damu hiyo lazima ichunguzwe, hata ikiwa tone, hata ikiwa mara moja.

Uchunguzi wenyewe nitaueleza kwa kifupi. Kwanza ni ultrasaundi, mara nyingi kwa kifaa kinachoingizwa ukeni, kupima unene wa utando. Ukiwa milimita 4 au chini yake kwa aliyekoma hedhi, uwezekano wa saratani ni mdogo sana, ingawa damu ikirudi inabidi achunguzwe tena. Ukizidi hapo, unene huo peke yake hausemi kuna saratani, unasema tu kuwa kinatakiwa kinyama, yaani kipande kidogo cha utando huo cha kupeleka maabara. Kinyama huchukuliwa kwa mrija mwembamba wa plastiki unaopitishwa kwenye mlango wa kizazi. Tumbo hukaza na kuuma kama hedhi kali, kisha huachia. Pengine hutumika kamera ndogo, au mgonjwa hulazwa usingizi akasafishwa.

Hapa pana kosa la pili linaloniumiza, la "akakatwe kinyama, basi ndiyo yenyewe." Kinyama huchukuliwa kwa sababu hakuna anayejua. Angekuwa anajua, asingekichukua.

Na la tatu: "Majibu yamechelewa, basi ni mabaya." Fuata safari ya kinyama kile. Kinalowekwa kwenye formalini mpaka kikaze, kinaondolewa maji kwa spiriti, kinagandishwa ndani ya nta, kinakatwa vipande vyembamba vya maikroni chache, kinatiwa rangi, ndipo daktari wa patholojia akisome kwa hadubini. Hakuna hatua hapo inayokwenda haraka kwa sababu ugonjwa ni mdogo au mkubwa. Ongeza kwamba madaktari wa patholojia huku kwetu ni wachache, na kinyama kilichochukuliwa hospitali ya wilaya huenda kikasafirishwa mpaka ya rufaa. Wiki mbili zikipita, mara nyingi ni foleni. Mama mdogo aliambiwa siku kumi, ikawa ishirini na mbili, na hakuna aliyempigia simu kumwambia. Kuchelewa kule hakukuwa na habari yoyote ndani yake, lakini kila siku iliyoongezeka nyumbani ilisomwa kama barua.

Siwalaumu wanaosoma hivyo, maana mwili wenyewe hauijui tofauti hii ninayoihangaikia. Utafiti mmoja wa Marekani uliochapishwa mwaka 2009 uliwapima wanawake waliochukuliwa kinyama cha titi, siku chache baadaye, kwa kutazama homoni ya wahaka kwenye mate yao. Ambao walikuwa bado hawajapata jibu la uhakika walikuwa na hali ileile ya homoni kama walioshaambiwa wana saratani. Kutokujua kuliwachosha kama kujua. Ndiyo maana "usiwaze" ni ushauri usiofaa kitu. Unamwambia mtu asimamishe jambo ambalo damu yake inalifanya bila ruhusa yake. Afadhali kumtengenezea mahali pa kuliweka.

Mama mdogo alijitengenezea. Alinunua daftari la shule, akaandika maswali manne ya kurudi nayo kliniki: majibu yanatoka siku gani, nitayachukua wapi, yakiwa salama nini kinafuata kuhusu damu hii, yakiwa si salama nini kinafuata na wapi. Maswali mawili ya mwisho ndiyo yaliyomsaidia, kwa sababu pande zote mbili zilipata njia ya kupita, na usiku aliacha kutembea kwenye upande mmoja tu. Aliamua watu watatu wa kujua. (Sisi jikoni tulikuwa zaidi ya watatu, na hilo nalo ni kosa.) Simu aliizima saa mbili usiku, kwa sababu kutafuta dalili mtandaoni gizani kulimfanya aione kila kichomi kuwa ushahidi. Asubuhi aliendelea kukaanga vitumbua vya kuuza kama kawaida. Alisali. Kuna aliyemletea dawa ya kusafisha kizazi, ya kuweka ukeni, akaikataa kwa adabu. Alifanya vizuri: dawa za namna hiyo huweza kuunguza na kuleta uchafu na damu, na zingevuruga kile ambacho daktari alitaka kukitazama.

Nigeuze upande, kwa sababu neno "kushukiwa" linatumiwa vibaya kwa njia ya pili pia. Wapo wanaosema, "Ah, anashukiwa tu, hana kitu." Hawa nao wamerukia yakini, ila ya upande mwingine, na madhara yao ni makubwa zaidi, kwa kuwa damu ikikauka mgonjwa haendi kuchukua majibu. Karatasi inabaki kwenye droo ya maabara. Saratani ya mji wa mimba ni miongoni mwa zile zinazojitangaza mapema, na ikikutwa haijatoka nje ya mji wa mimba, tiba yake ya kwanza ni upasuaji wa kuutoa. Takwimu za Marekani zinaonyesha kuwa kati ya 100 wanaokutwa nayo katika hali hiyo, takriban 95 huwa hai miaka 5 baadaye. Nambari hiyo inawahusu waliorudi kuchukua majibu.

Na "kansa ya kizazi"? Kizazi tunakitumia kwa kila kilicho chini ya kitovu cha mwanamke. Inayotangazwa sana redioni ni ya mlango wa kizazi. Hiyo huletwa na kirusi cha HPV, hupimwa mapema kwa siki, na wasichana wa Tanzania wanachanjwa dhidi yake tangu 2018. Aliyokuwa anachunguzwa mama mdogo ni ya mji wa mimba wenyewe, ndani zaidi, na wala haiangaliwi kwa kipimo cha siki. Waliomwambia "ungewahi kupima" na "ungechanja" walimbebesha majuto ambayo hayakuwa yake.

Nikarudi kwenye vitunguu. Kumkosoa dada mkubwa mbele ya watu si vizuri, hivyo nilisogea karibu nikamwambia kwa sauti ya chini, "Dada, samahani, tusiseme ana kansa. Tuseme anafanyiwa uchunguzi, majibu Alhamisi." Alinyamaza kidogo, akapangusa macho, nadhani ni vitunguu, akasema sawa. Wifi alipoingia na sufuria akauliza mama mdogo yuko wapi leo, dada ndiye aliyejibu: "Amepumzika. Anafanyiwa uchunguzi, tutajua Alhamisi."